Mpakato Isiyopakatika

Kijiwe chetu hakiko chini ya mwembe. Hayo ni mambo ya watu wa joto. Tukuyu ukikaa chini ya mti umetafuta kuloa tu, maana hapa mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ikifika unaweza kuapa kwamba zote zimepanga kushuka wiki hiyo. Sisi tunakaa kibarazani kwa fundi simu, mgongo ukutani, miguu tumeikunja isifikiwe na michirizi ya bati, macho yako kwenye haisi zinazoshuka kutoka Mbeya. Hakuna mzigo unaoteremshwa pale bila kukaguliwa na sisi. Hatulipwi, lakini kazi tunaifanya.

Jumamosi hiyo aliteremka shemeji, mwenye steshenari ya ng'ambo ya barabara. Konda akamshushia boksi la kaki, pana, limefungwa kamba ya katani, utadhani ndani kuna mlango wa kabati.

"Shemeji, TV hiyo?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Laptopu."

"Hiyo?"

Mfyuuu! Kijiwe kizima kikasonya kwa pamoja, kama kwaya iliyopewa sauti ya kuanzia.

Shemeji hakukasirika. Alilitua boksi kibarazani, akalegeza kamba tuchungulie, akatusomea sifa zake kama mtu anayetambulisha mchumba: kioo cha inchi 17.3, kibodi yenye tarakimu zake pembeni, imetumika ila safi, ametoka nayo Mwanjelwa. Anaiweka dukani badala ya kompyuta ya mezani.

Mwalimu mstaafu alikuwa kimya mpaka hapo. Mwalimu hapendi kuona Kiswahili kinavuliwa nguo hadharani. "Shemeji," akasema, "kwa Kiswahili hiyo ni kompyuta mpakato. Mpakato, kwa sababu inapakatwa, kama mtoto. Sasa hiyo utaipakata wewe, au itakupakata yenyewe?"

Tulicheka mpaka fundi simu akatoka nje kuona kuna nini. Shemeji akalifunga boksi lake, akasema tu, "Mtakuja kwangu niwachapishie CV zenu," akavuka barabara.

Nikiri mapema: mimi nilicheka nikiwa na mashine ya namna hiyohiyo nyumbani. Ya kwangu ni ya miaka miwili iliyopita, refabu, inchi 17.3, laki tano na nusu, kutoka duka moja la Mbeya ambalo jina lake nalihifadhi. Siku nainunua, muuzaji aliiwasha ikiwa kwenye chaja, akanionyesha video ya simba, kioo kizima kimejaa manyoya ya simba, nami nikatoa hela. Nilipofika nyumbani nikachomoa chaja. Dakika 11. Simba akazima. Niliporudi kulalamika niliambiwa betri haina dhamana, kama vile betri ni hali ya hewa.

Na hapo ndipo ninapotaka tusonye vizuri, kwa mpangilio. Sisi watu wa Rungwe tuna akili sana tukiwa sokoni. Hakuna Mnyakyusa anayenunua mkungu wa ndizi kwa kutazama urefu. Anageuza, anaangalia vidole vimejaa au bado vina kona, anauliza umekatwa lini. Akili hiyo yote tukipita Uyole tunaiacha pale njia panda. Tukiingia duka la kompyuta tunauliza swali moja tu: "Hii inchi ngapi?"

Inchi zenyewe hatuzijui. Zinapimwa kona kwa kona, kwa mshazari. Kioo cha 17.3 kina upana wa sentimita kama 38, cha 15.6 kina kama 34 na nusu. Tofauti ni vidole viwili vya mtu mzima. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji halisemi: kioo kimeundwa na nukta, na wingi wa nukta hauendi na ukubwa wa kioo. Laptopu nyingi za bei ya chini za inchi 14 na zile za inchi 15.6 zina nukta zilezile, 1366 kwa 768. Za inchi 17.3 za bei hiyo mara nyingi ni 1600 kwa 900. Kwa hiyo laptopu ndogo ya inchi 14 yenye nukta 1920 kwa 1080 inabeba mistari mingi ya barua kuliko lile lidude. Ni donge lilelile la unga. Umelisukuma zaidi, chapati imekuwa pana, lakini imekuwa nyembamba, na hakuna aliyeongeza unga.

Ndani ndiyo usiseme. Ukikuta mpya boksini, kioo kikubwa, bei ndogo, ujue wamepunguza mahali ambapo jicho halifiki. Prosesa ya Celeron, ramu ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 ambayo imegandishwa kwenye ubao, huwezi kuitoa. Windows ikishakaa na masasisho yake, nafasi inayobaki inatosha ratiba za vikao vya harusi. Ukikuta refabu, soma kibandiko. i5-6200U ni kizazi cha 6; i5-8250U ni kizazi cha 8. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel imeanza kukubali kwa kawaida kutoka kizazi cha 8. Hiyo ya kizazi cha 6 inaweza kuwa na kioo kama dirisha la kanisa, lakini mlango wa mbele umeshafungwa.

Haya, fundi simu naye ana msimamo wake, na msimamo wake una mantiki. Yeye ni mtu wa kompyuta ya mezani. "Ya mezani nikiifungua naona kila kitu," anasema. "Pawa saplai imeungua, natoa, naweka nyingine. Ramu haitoshi, naongeza. Kioo kimepasuka, unanunua kioo, mashine iko palepale. Laptopu chai ikimwagika kwenye kibodi, nimefungua skrubu 14 kabla sijaiona hiyo kibodi." Na chai ya Tukuyu inamwagika, si tunalima wenyewe.

Mwalimu akaongeza la kwake, maana Mwalimu hawezi kuacha mjadala upite bila mwaka. Alisema kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufika 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilikuja kulegea baadaye. Mwalimu mwenyewe alianza kugusa kibodi akiwa na mvi, kwenye kioo cha chogo. Leo ana kishikwambi, kimoja cha vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, na anasema kutunga mtihani wa kurasa nne kwa kidole kimoja ni adhabu ambayo hata yeye hakuwahi kumpa mwanafunzi. Kisha akatuambia kwamba kompyuta za kubebwa zilianza na mzigo: Osborne 1 ya Marekani, 1981, kilo kama 11, umbo kama cherehani kwenye sanduku, kioo cha inchi 5, na betri haikuwa nayo. Kijana wa bodaboda akauliza sasa hiyo walikuwa wanaibeba waende nayo wapi kama haina betri. Mwalimu akasema, "Penye umeme." Tukanyamaza kidogo, kwa sababu hilo ndilo swali letu la kila siku.

Penye umeme. Tukuyu upepo ukishika mikaratusi na radi ikipiga upande wa Mlima Rungwe, taa zinakonyeza mara mbili, ya tatu zimelala. Kompyuta ya mezani haikonyezi, inakufa. Barua uliyokuwa ukiandika imekufa nayo. Watu husema nunua UPS. Shemeji alinunua. UPS kazi yake ni kukupa dakika chache uhifadhi kazi na uzime kwa heshima. Betri yake ya risasi ikichoka, hata hizo dakika hupati. Ya shemeji sasa inashikilia mlango usipigwe na upepo, na kazi hiyo inaiweza sana.

Kuna hesabu nyingine ambayo kijiweni hatukuifanya mpaka mke wangu alipoifanya. Kompyuta ya mezani na kioo chake, chukua wati 120. Laptopu kubwa ya kawaida, chukua 40. Kwa saa 10 za kazi, ya kwanza imekula yuniti 1.2, ya pili yuniti 0.4. Kwa siku 26 za mwezi tofauti ni yuniti 20 na kidogo. Kwa mwenye duka ni hela ya vocha. Lakini kwa nyumba iliyo kwenye D1, ile ya yuniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya robo ya mgawo wote, na ukiupita mgawo unajua kinachokupata.

Kwa hiyo ukinibana, nasema lidude lina haki yake ya kukaa mezani. Tatizo letu ni kulitunza kama TV. Mke huyohuyo mwenye hesabu alilitandikia la kwangu kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua, kwa sababu kitu kikubwa cha sebuleni lazima kivishwe. Matundu ya hewa yako chini, na kitambaa kiliyaziba. Feni ikawa inalia kama haisi inayopanda mlima. Juni baridi ilipoingia, paka akagundua kwamba pale pembeni panapotokea hewa ya moto ni bora kuliko jikoni, akahamia. Nami nikawa sichomoi chaja, usiku na mchana, nikidhani ninaitunza ile betri mpya niliyoinunua baada ya dakika 11. Betri ya lithiamu ukiiweka imejaa asilimia 100 muda wote, tena kwenye joto, unaizeesha. Miezi minane baadaye lile eneo la kupapasa linalofanya kazi ya panya likainuka, kifuniko cha chini kikaachana na mwili. Fundi alipofungua, betri imevimba kama andazi lililozidishiwa hamira. Akasonya yeye sasa. Akaniingiza kwenye mipangilio, akanionyesha sehemu ya kuzuia chaji isivuke asilimia 80. Ilikuwemo humo tangu siku naona simba.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo, mtu mwenye andazi nyumbani, nikimcheka mwenzangu kibarazani.

Sasa sikia kilichotokea. Wiki ya pili au ya tatu tangu boksi lile literemke, mzee mmoja wa kanisa letu alifariki, upande wa kijiji cha Masoko. Anayeijua Rungwe anajua msiba kwetu si jambo la kupita. Watu wanatoka Dar es Salaam, wanatoka Zambia, na wasifu wa marehemu utasomwa mbele ya umati, kila jina mahali pake. Ukikosea mpangilio wa watoto, kikao cha ukoo kitakaa kwa ajili yako. Wasifu ulitakiwa asubuhi. Kijana wa familia alifika steshenari saa mbili usiku na karatasi tatu za mkono, zimelowa kingo. Umeme ulikuwa umeondoka tangu saa kumi jioni. Shemeji alichapa zote, taa ya simu ikiwa imeegeshwa kwenye kikombe, laptopu inakula betri yake. Kisha kijana akasema wazee wameagiza wasome wenyewe kabla haujatolewa. Wazee hawawezi kuja mjini usiku na mvua ile. Printa, ambayo bila umeme ni kabati, haiwezi kutoa nakala ya kupeleka.

Nilikuwa kibarazani, nasubiri mvua ipungue niende msibani. Nilimwona shemeji akichomoa waya mmoja tu. Akaifunga laptopu, akaivika mfuko wa nailoni wa mbolea, juu yake kitenge, akatoka nayo kifuani. Kijana wa bodaboda yuleyule akawasha pikipiki. Shemeji akapanda upande, kama wanawake wanavyopanda, akaiweka ile inchi 17.3 mapajani, mkono mmoja chini, mkono mmoja juu, kichwa ameinamisha ili maji ya paji la uso yasiiangukie.

Mwalimu alitoa kikombe mdomoni. "Kaipakata," akasema. Hakuna aliyecheka.

Nilifuata na bodaboda ya pili. Msibani akina mama walikuwa wanaimba ndani, taa ya sola imening'inizwa kwenye kenchi. Walitoa stuli, wakaweka juu yake gunia lililokunjwa, laptopu ikakaa hapo. Shemeji akaongeza herufi mpaka 24. Wazee watano wakasimama nyuma yake, wawili hawakuwa na miwani, na wote wakasoma. Waliokuwa pembeni kabisa walilalamika kwamba maandishi yanageuka giza, kwa sababu vioo hivi vya bei nafuu ukivitazama kwa upande vinakukana. Akaulaza mfuniko kidogo nyuma, akawasogeza. Mzee mmoja akanyoosha kidole, akagusa kioo kabisa, akaacha alama ya mafuta ya mbalaga. "Hapa umeruka. Huyu alizaliwa kabla ya huyu." Shemeji akahamisha mstari mbele ya macho yao. Mwingine akataka mwaka wa ubatizo uondolewe, wakabishana, ukaondolewa, ukarudishwa. Betri ilikuwa asilimia 58 tulipofika. Walipomaliza kubishana ilikuwa 31. Ile chapati niliyoisema, pana na nyembamba, iliwatosha watu watano kwa wakati mmoja, na ya inchi 14 nisingetaka kuwa mimi niliyeishika.

Ya mezani ingebaki dukani, imezima.

"Ndaga fijo," mzee mkubwa akamwambia, akamshika mkono kwa mikono miwili. Asubuhi saa kumi na mbili shemeji alikuwa kwa jirani mwenye jenereta, flashi shingoni, anatoa nakala 200.

Kijiweni hatuombi radhi, hilo halijawahi kuwepo kwenye katiba yetu. Mwalimu alimpelekea chai na maandazi mawili, akasema ni kwa ajili ya mteja yeyote atakayekuwepo. Fundi simu alijitolea kumwekea SSD mahali pa ile diski ya kuzunguka, kwa bei ya kifaa tu, akaongeza ramu ikawa GB 8, na sasa inawaka kabla hujamaliza kukaa. Kitambaa cha kufuma hakijatandikwa. Chini ameiinua kwa vipande viwili vya mbao, hewa inapita, na kibodi ya nje ya elfu kumi na tano ndiyo inayopokea chai. Katibu wa AMCOS moja hapa jirani anapenda kuja kwake kwa sababu ya zile tarakimu za pembeni: anaingiza kilo za wakulima kwa mkono wa kulia bila kutazama, kama mtu anayemenya maharage.

Wewe unayepanda haisi Jumamosi hii kwenda Mwanjelwa na hela yako mfukoni, nina ombi moja tu. Ukishatazama simba, ukishasoma kibandiko, mwombe muuzaji achomoe chaja, kisha omba kiti ukae nayo nusu saa. Akisonya, inuka, rudi nyumbani na hela yako.